Kengele ya Ngombe ku Pikipiki ya Jessé

Lubumbashi, tarehe 2 mwezi wa sita 2025

Kambo yangu,

Wafwako, nakuamkia. Natumaini baridi ya hii kipwa, musimu bila mvua, haisumbue sana magoti yako. Nakuandikia juu najua telefone hauipende. Mama Mputu, ule wa samaki wa Mulongo, anapanda treni siku ya ine, njo atakuletea hii barua.

Kambo, miaka saba niko huku, na nachoka. Unajua nyumba ya biashara fasi ninatumika kazi: tunauzisha pikipiki ya umeme. Haikunywe esanse ya petroli. Unaichomeka ku umeme kama telefone, inajaa, unaenda. Sasa patron yangu, Bwana Yav, anataka kufungua fasi ingine, Kamina ao Kolwezi. Ameniambia: "Laetitia, unitafutie bantu kumi na tano ba Kamina benye kutia mukono ku karatasi kama batanunua. Karatasi ifike hapa tarehe makumi tatu na moja ya mwezi wa munane. Bakipatikana, tunajenga Kamina, tunaweka mabamba ya jua juu ya kujaza batri, na weye njo mukubwa wa kule. Bakikosa, unaenda Kolwezi."

Kolwezi sina muntu, Kambo. Kamina niko na weye, na Papa, na kaburi ya Mama, mutoto yako.

Nisaidie. Pita mu nyumba za bantu, unaheshimiwa. Uliza kila muntu ulizo moja tu: nini ingekufanya ununue? Karatasi za kutia mukono ziko ndani ya bahasha. Bwana Yav anasema bantu batapenda mambo mbili: haitoe moshi, na haina kelele hata kidogo. Uwaambie hiyo ya kelele kwanza.

Mujukuu yako,
Laetitia


Kamina, tarehe 14 mwezi wa sita

Laetitia,

Eyo vidye, naitika. Magoti yangu uiache, haikukuita.

Weye ulisoma mpaka unibasite, na mwandiko yako inatambaa kama kuku mwenye kuvunjika muguu. Minyi nilisoma miaka tatu tu kwa bamasere ba misioni, lakini herufi yangu inasimama. Uangalie na ujifunze.

Patron yako hajue bantu. Nilianza na moshi yake. Bamama baliniangalia. Mumoja akasema: "Shiye tunapika na makala na kuni tangu tuzaliwe, na weye unakuja kutuhurumia juu ya moshi ya pikipiki?" Nikaficha mukono yangu, ilikuwa nyeusi vilevile. Moshi niliiacha pale pale. Kelele pia hakuna mwenye aliuliza.

Sasa sikia benye balitia mukono, na juu ya nini.

Mama Bolingo, muke ya soda, askari wa jeshi kule ku base, ule wa Ekwateri mwenye kusema Swahili yake kama anatafuna mifupa. Anapika mikate, analeta mu cité na manseba, ule wa kubeba bantu na pikipiki. Kila juma manseba anakauka esanse mu njia, mikate inakuwa baridi, bantu banamutukana yee, si manseba. Ameuliza tu: "Inabeba mabakuli mbili?" Nikasema inabeba. Akatia mukono. Kama haibebe, ujue utakuja kujibu mwenyewe.

Mbayo, manseba. Anachoka kununua esanse mu machupa yenye bantu bamechanganya na maji, na kuivuta na kinywa ku mupira kama mutoto ku ziwa ya mama. Meno yake ulishaiona?

Kasanda, katekista. Aliuliza kama ile batri inaweza kuwakisha taa. Nikamuambia unipe mukono yako pa karatasi, ya taa utamuuliza Laetitia.

Na Likoke, ule mwenye kuleta ngombe kutoka Kaniama. Alinicheka. "Mama Augustine, pikipiki ya kuchomeka? Minyi si feri ya kupasia nguo." Nikamuambia sawa, nikakunja karatasi polepole ili aone jina ya Kasanda. Alininyanganya kalamu. Likoke hawezi kuvumilia Kasanda apite mbele yake, hata ku komunio.

Lakini ulizo ya bote iko moja: "Ikikufa, nani atatengeneza?" Nikasema: mujukuu yangu atakaa pale, mulango wazi, na kama pikipiki yako imekufa, utaenda kumugombeza. Hapo sura zao zilifunguka. Muntu ananunua kintu kama anajua mulango ya kwenda kugombana. Uandikie patron yako ile.

Niko na majina munane. Papa yako Jessé njo alikuwa wa kwanza, alituma karatasi na mutoto wa jirani. Zingine nitazipata, bapende basipende.

Kambo yako,
Augustine


Lubumbashi, tarehe 27 mwezi wa sita

Kambo,

Nilisomea Bwana Yav barua yako, akacheka mpaka machozi. Majina munane! Anakutumia pikipiki moja ya kuonyesha bantu, imepanda treni ya leo pamoja na fundi wetu mekanisie, Guylain. Ni mwanaume wa adabu, ako na bibi na batoto, usimusumbue.

Papa njo aiendeshe, bantu banamujua. Apite nayo fasi yote: ku soko, ku misa, mu njia ya base, mu malupango ya nyumba za bantu. Bwana Yav anakaza sana: bantu bajisikilie wenyewe kama haisikike. Anasema mbele ya hiyo hakuna mwenye atakataa.

Laetitia yako


Kamina, tarehe 22 mwezi wa saba

Laetitia,

Pikipiki ilifika. Guylain analala kwa Kasanda, anakula vizuri, bukari na sombe, usijali.

Siku nne za kwanza, bantu balikimbia nyuma yake. Nilikuwa na majina kumi na ine. Sasa niko na munane. Sita balikuja kufuta, na wa kwanza kufuta njo papa yako.

Usiniulize juu ya nini. Iko mambo ya hapa.

Ulizo yangu minyi ni hii: munaweza kuitia kelele? Kelele ya motere, kama zile zingine. Mumutume muntu mwenye akili aiweke kelele, halafu nitarudisha ile majina sita na kuongeza mumoja. Honi sitaki, usiniletee habari ya honi.

Jibu mbiyo. Siku zinaenda.

Augustine


Lubumbashi, tarehe 2 mwezi wa munane

Kambo,

Kuitia kelele? Nilimuambia Bwana Yav, akafikiri namuchezea. Hii pikipiki, kintu yenye inaifanya ipite zingine yote ni kunyamaza kwake, na weye unataka tuifanye ipige makelele! Akasema: "Basi tumalize, tuende Kolwezi." Nikamuomba angoje mpaka tarehe yenye alisema.

Kambo, unanificha kitu. Nilimupigia Guylain telefone. Alisema tu: "Uliza kambo yako, minyi nakula kwa bantu." Halafu akaniambia kama ulijifungia mu nyumba siku tatu, na Papa hakutumika kazi siku tatu ile ile. Papa aligonga muntu? Kama kuna muntu ameumia, uniambie.

Na kama hakuna, basi niambie hii: juu ya nini Papa yangu mwenyewe amefuta jina yake? Anajua kama ile karatasi njo itanirudisha nyumbani. Hataki nirudi? Nimelala na hiyo siku nne sasa.

Najua hamupendane, weye naye. Ku kilio ya Mama nilikuwa nawaangalia. Hata neno moja hamukusemezana. Lakini musinitie minyi katikati ya chuki yenu.

Laetitia


Kamina, tarehe 11 mwezi wa munane

Laetitia,

Keti chini, na utoe ile simu mu mukono.

Hakuna muntu ameumia. Na papa yako kukukataa? Ungekuwa hapa ningekuvuta sikio mpaka ifike mu muji wa Kabongo. Nilitaka kunyamaza juu ni haya yangu, mwili yangu. Lakini afazali haya yangu kuliko weye kulala na ujinga.

Buko umeisahau? Lubumbashi imekuosha kichwa? Mwanaume na mama-mukwe yake habaonane uso kwa uso. Akija mu njia moja na minyi, yee anaingia mu majani, minyi nageuka. Ni heshima, si chuki. Papa yako alioa mama yako Kabange, iko miaka makumi tatu na mbili, na tangu siku ile macho yake sikuyaona. Ku kilio alikaa upande wake, minyi upande wangu, kama inavyotakiwa. Weye uliona kunyamaza, ukaiita chuki. Masomo yote ile, bure.

Sasa sikia. Asubuhi moja, mwanzo wa mwezi wa saba, nilikuwa naoga nyuma ya jiko. Kile kiwa cha majani cha kunificha kilianguka na mvua ya mwaka jana, sikukisimamisha, juu ya nini? Kila pikipiki ya avenue hii najua sauti yake. Ya Mbayo inakohoa. Ya Kasanda inalia kama nguruwe. Ya papa yako naisikia tangu ku njia ya reli, na nikitaka naweza kuvaa na kuchana nywele mbele afike. Basi naoga, naimba. Naona gurudumu mbele ya ndoo yangu.

Nainua kichwa: papa yako. Alikuwa ananiletea gunia ya makala aiache pa jiko, ajiendee, kama kila juma. Uso kwa uso, Laetitia. Na minyi nilikuwa kama siku nilizaliwa, tu na mikunjo.

Aliacha pikipiki ianguke, akajitupa uso mu vumbi, analia "Mama! Mama!" Minyi nilitupa ndoo, maji yote ikamumwangikia. Nikakimbia ndani na sikutoka. Mama Bolingo alikuwa pa mulango na mikate yake, akaona yote. Hapa habari haingoje treni.

Papa yako akafuta jina. Jioni bengine batano bakakuja nyuma yake, bote bako na bamama-mukwe. Likoke alisimama pa mulango yangu, muzito vile, na sauti ya kitoto: "Mama Augustine, minyi nakaa na mama-mukwe mu lupango moja. Ile kintu itaniua." Patron yako anawatumia kintu ya kutembea kama mwizi, halafu anangoja bantu bapige makofi. Kwao Lubumbashi hakuna bakwe?

Na honi, ni hii: kumupigia mukwe honi ni kumuambia toka mbele yangu, mbuzi weye. Sauti ya motere haimuite muntu. Inapita tu, na mwenye masikio anajipanga.

Siku ya ine papa yako alikuja na ndugu yake mukubwa wa kumusemea, na kuku mweupe, na kitambaa. Bazee bakaketi, mambo ikaoshwa. Bakasema: "Sasa mumefunguliwa. Kuanzia leo munaweza kusemezana uso kwa uso." Bakatuacha.

Tuliketi. Nilimuangalia. Amekuwa na mvi, ulijua? Halafu yee, macho chini, akasema: "Mama, minyi sijue kukuamkia na kinywa."

Hapa njo fasi nilificha, hata kwa mama yako sikusema. Kila asubuhi, akipita pa lupango yangu, papa yako anakaza motere ilie mara mbili. Mara mbili tu, anaenda. Njo kunisalimu. Minyi niko pa kinu, nagonga muchi wa kutwanga mara moja. Njo kumujibu. Hatukupatana na kinywa, ilianza yenyewe tangu alikuwa na kinga, ile baiskeli yake, mbele ya kupata pikipiki. Nyuma ya kumuzika mama yako, asubuhi ya kwanza, nilikuwa nimeketi pa kinu bila unga, bila kitu. Nilijiambia sitagonga tena. Nikasikia motere yake, mara mbili. Nikagonga.

Unamuletea pikipiki yenye haina kinywa, na unashangaa anafuta jina. Alilia kufuta, mukubwa yake aliniambia. Anataka urudi. Lakini hakujua ataniamkia na nini.

Basi nikakumbuka ile kinga. Kinga ilikuwa na kengele.

Kengele ya kinga ni ndogo, soko inaimeza. Lakini ngombe za Likoke unazisikia kutoka upande ingine ya reli. Kesho nakwenda kwake. Majina kumi na tano utapata, hata niandike ya mbuzi yangu.

Hii barua uichome.

Kambo yako,
Augustine


Lubumbashi, tarehe 19 mwezi wa munane

Kambo,

Sikuichoma. Unisamehe. Niliisoma nyuma ya duka, na muntu alikuja kununua kioo cha pikipiki akanikuta ninalia, akaondoka bila kioo.

Nimezaliwa pale, nimekulia pale, nikawaletea kunyamaza kama zawadi. Nilikuwa nasikia Papa anakaza motere kila asubuhi, na nilifikiri tu pikipiki ni muzee.

Bwana Yav sikumuambia ya ndoo. Nilimuambia ya bakwe. Kwao ni Kapanga, Kambo, na yee pia ako na mama-mukwe. Halafu akauliza: "Kengele za vile zinapatikana mingi?" Lakini tarehe haibadilike. Karatasi ikikuwa hapa tarehe makumi tatu na moja, Kamina. Ikikosa, Kolwezi, na treni unaijua.

Papa usimuambie kitu. Tena muambie. Sijue. Fanya vile unaona.

Laetitia


Kamina, tarehe 26 mwezi wa munane

Laetitia,

Nilikuambia uichome, na haukuichoma. Sawa. Tutaonana.

Likoke alinipa kengele ya ngombe yake mukubwa, na ngombe ikabaki inatafuta njia kama muntu mwenye kupoteza miwani. Guylain aliifunga mbele ya pikipiki, na kamba ya freni ya kinga mpaka pa mukono. Ukivuta inalia, ukiacha inanyamaza. Likoke hakutaka kamba. Alisema kwake ining'inie tu, barabara yenyewe itaipiga. Ana haki: toka soko mpaka base, mashimo yetu haiache kengele ipumzike. Kasanda alivyoona, akaagiza kengele kubwa kuliko ya Likoke. Sasa Likoke anatafuta ingine. Na Mama Bolingo anasema ikilia, bantu batajua kama mikate imefika, kwa hiyo anataka mbili.

Benye kufuta balirudi bote batano, na nikaongeza mumoja mupya, muke ya soda mwenye nilimufuata mpaka pa bomba ya maji. Ukihesabu pamoja na ile munane: kumi na ine. Alikosa papa yako. Sikumuendea. Sikumutumia muntu. Kwa bengine niligombana, nilisukuma, nilitukana kidogo, na padri ananijua. Lakini kwa yee, hapana. Guylain aliacha pikipiki na kengele yake pa mulango ya papa yako jana, akaondoka.

Leo asubuhi niliamka mbele ya jogoo. Nikavaa vizuri, juu sasa nimejifunza. Nikaketi pa kinu, na mahindi ndani, sikutwanga, nisije nikafunika sauti. Jua likapanda. Mbayo akapita, pikipiki yake inakohoa. Batoto bakaenda. Nikasema: basi, Kolwezi.

Halafu ikalia. Mara mbili.

Niliinua muchi mbiyo, Laetitia, ikapiga kando. Nikainua tena, nikagonga katikati, nguvu yote. Yee alikuwa amesimama ku njia, mugongo kwangu, anangoja. Aliposikia, akaenda.

Nimekuta karatasi chini ya jiwe pa mulango. Jina yake iko wa kumi na tano, Kabongo Jessé, herufi kubwa kubwa. Alikuwa ameiweka mbele ya kuliza kengele, hajue bado kama nitagonga, na mustari wa ulizo yako aliuacha tupu. Saa sita alirudi, akatuma mutoto wa jirani amuombee karatasi, akaandika, akairudisha. Pale mumeandika "Nini imekufanya ununue?", yee ameandika: "Mama amejibu."

Mama Mputu anapanda treni ya leo na hii barua ndani ya kitambaa chake, nimemuapisha. Treni ikikufa mu njia, atatembea na miguu, amekubali.

Uje. Ulete muchi mupya, huu nimeupasua.

Kambo yako,
Augustine